Steshenwagoni ya dizeli kwa njia ya Mbeya–Dar: inaokoa wapi, inakula wapi

Mtu akiniambia gari lake linakwenda kilomita 16 kwa lita moja, namuuliza kwanza: ukitoka wapi kwenda wapi? Gari lile lile linalonusa mafuta kati ya Igawa na Makambako linaweza kuyagugumia ukilitumia kila asubuhi kutoka Uyole hadi Mwanjelwa hapa Mbeya mjini, pale Mafiati bajaji zimejaa na kila baada ya hatua chache unakanyaga breki. Kwa gari la petroli tofauti hiyo inaumiza mfuko tu. Kwa dizeli ya kisasa inaiua injini, na hapo ndipo wengi wa kwetu tunapopotea: tunasikia dizeli haili mafuta, tunanunua, kisha tunaipa kazi isiyo yake.

Mimi naenda Dar mara mbili kwa mwezi na gari langu mwenyewe, kwa hiyo watu hunijia na swali hili. Wa mwisho walikuwa watatu. Kijana mwenye duka la vipuri Kabwe, ambaye anafuata mzigo Kariakoo kila baada ya wiki mbili. Mwalimu wa Tukuyu anayejenga Morogoro na kwenda kuangalia ujenzi shule zikifungwa. Na mama mmoja wa Mafinga anayeuza vitenge kwenye minada ya vijijini, leo kijiji hiki, kesho kile. Wote walitaka kitu kimoja: gari lenye nafasi ya watoto na magunia mawili ya mchele, lisilo na bei ya Prado, na lisilokula. Niliwapa majibu matatu tofauti, na makala hii inaeleza kwa nini.

Kwanza umbo lenyewe. Steshenwagoni ni gari la chini kama saluni, ila paa lake linanyooka mpaka nyuma na buti limeungana na chumba cha abiria. Ukifikia mwendo wa 100, sehemu kubwa ya mafuta unayochoma ni ya kusukuma upepo, na gari refu lenye kifua kipana linasukuma upepo mwingi zaidi. Steshenwagoni inakupa buti la kubebea shehena ya familia huku ikipenya hewa kama saluni. Si jambo jipya kwetu. Wazee wanaikumbuka Peugeot 504 ya safu tatu za viti, watu saba ndani na mizigo juu, na baadhi yake zilikuwa za dizeli. Kilichobadilika ni injini, na kimebadilika mno.

Hesabu kabla ya gari

Kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 830. Anayekwenda na kurudi mara mbili kwa mwezi anakaribia kilomita 40,000 kwa mwaka. Tuchukue magari matatu yenye afya, yamebeba mzigo wa kawaida na yanapanda milima yetu. Steshenwagoni ndogo ya petroli ya cc 1,500, mfano Corolla Fielder, tuipe kilomita 14 kwa lita. Steshenwagoni kubwa ya petroli ya cc 2,000 hadi 2,500 tuipe 11. Steshenwagoni kubwa ya dizeli ya cc 2,200 yenye tabo tuipe 16.

Kwa kilomita 40,000, ile ndogo inakunywa lita 2,857, kubwa ya petroli lita 3,636, na dizeli lita 2,500. Tuweke bei ya shilingi 3,000 kwa lita kurahisisha hesabu, maana hapa nchini petroli na dizeli bei zake huenda karibu karibu, na mwezi mwingine dizeli ndiyo ghali. Dizeli ikishindanishwa na petroli ya ukubwa wake inaokoa lita 1,136, yaani zaidi ya shilingi milioni 3 na laki 4 kwa mwaka. Hiyo ni fedha. Lakini ikishindanishwa na Fielder inaokoa lita 357 tu, kama milioni moja na elfu sabini.

Sasa punguza safari. Anayekimbia kilomita 10,000 kwa mwaka anaokoa lita 89 dhidi ya ile ndogo: shilingi 267,000. Fedha hiyo inamezwa na matengenezo ya kawaida tu, kwa sababu dizeli ya kisasa inadai oili ya aina yake na filta ya mafuta inayobadilishwa mapema. Bado hujagusa nozeli, kile kinyunyizio cha mafuta, hata moja.

Mwalimu nilimfanyia hesabu hii kwenye karatasi mbele yake. Akaitazama muda mrefu.

“Kwa hiyo mdogo wangu, unanirudisha kwenye petroli?”

“Ndiyo, mwalimu. Safari nne za Morogoro kwa mwaka hazitoshi kulipa gharama ya dizeli.”

Hakufurahi, maana alishaona gari la dizeli analolitaka. Lakini hesabu ndiyo iliyosema, si mimi. Aliuliza pia kuhusu Fielder ya haibridi. Haibridi inavuna zaidi pale unapofunga breki mara kwa mara, kwa hiyo faida yake kubwa iko mjini. Kwenye lami ndefu faida inapungua, ingawa haiondoki.

Kwa nini dizeli inakula kidogo, na kwa nini nyanda za juu zinaipenda

Injini ya petroli inachanganya mafuta na hewa kisha inawasha kwa cheche ya plagi. Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani ambaye injini yake ilifanikiwa mwaka 1897, aliiondoa cheche. Hewa peke yake inabanwa mpaka inakuwa na joto kali, na mafuta yakinyunyiziwa ndani yanawaka yenyewe. Petroli nyingi za kawaida hubana hewa mara 9 hadi 12. Dizeli hubana mara 14 mpaka zaidi ya 20. Kadiri unavyobana zaidi, ndivyo moto ule ule unavyokupa kazi zaidi. Halafu petroli inapokwenda polepole inakuwa imezibwa koo na kilango cha hewa, ikivuta pumzi kwa shida. Dizeli inavuta hewa yote na kupunguza mafuta tu. Na lita ya dizeli yenyewe ni nzito zaidi, ina nishati zaidi ya lita ya petroli kwa asilimia kumi na kitu. Sehemu ya faida tunayoiona kwenye “kilomita kwa lita” inatokana na hilo la mwisho.

Lakini kwa mtu wa Mbeya au Iringa kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa Dar hawalitaji kwa sababu haliwahusu. Sisi tunaishi juu. Iringa iko kama mita 1,600 juu ya bahari, Mbeya mjini kama 1,700. Kwenye mita 1,700 mgandamizo wa hewa umepungua kwa takriban asilimia 18 kuliko pale bandarini. Injini isiyo na tabo inavuta hewa hiyo nyembamba kama ilivyo, na nguvu inashuka karibu kwa kiwango hicho hicho. Ile Fielder iliyotoka kiwandani na nguvu za farasi 110 hivi, ikifika hapa ina kama 90. Ukiipakia watu watano na magunia, unaikanyagia mpaka chini, na kanyagio likiwa chini hakuna tena cha kunusa mafuta.

Tabo ni pangaboi linalozungushwa na moshi unaotoka, nalo linasukumia hewa ndani ya injini. Hewa ikiwa nyembamba, linazunguka kwa kasi zaidi na kufidia sehemu kubwa ya upungufu. Ndiyo maana dizeli yenye tabo inapanda mlima Kitonga ikiwa imeshiba mzigo bila kelele za kuhangaika, na nguvu yake ya kuvuta inapatikana mizunguko ikiwa michache. Dizeli ya Mazda ya cc 2,188, iitwayo SkyActiv-D, inatoa mvuto wa Nm 420 (Nm ni kipimo cha mvuto), kiasi ambacho petroli ya cc 2,500 isiyo na tabo haifiki hata karibu. Kwa njia yetu, mvuto huo ndio unaonunua, kuliko namba ya kilomita kwa lita.

Dizeli ya zamani isiyo na tabo haina faida hiyo. Inapungukiwa pumzi huku juu kama petroli, na ikinyimwa hewa inatoa moshi mweusi.

Kwa nini ni adimu

Magari yetu mengi ya mtumba yanatoka Japani, na ukiingia kwenye kurasa za wauzaji wa huko utaona steshenwagoni za petroli zimejaa, za dizeli unazihesabu. Sababu yake ni ya kisiasa kuliko ya kiufundi. Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alianzisha kampeni dhidi ya dizeli. Alisimama mbele ya waandishi na chupa ya plastiki yenye masizi akawaonyesha kile wakazi wa jiji wanachovuta. Ikafuata sheria ya taifa iliyozuia dizeli chafu kuendelea kusajiliwa katika miji mikubwa, na Oktoba 2003 Tokyo na mikoa inayoizunguka ikayapiga marufuku malori na mabasi yasiyofikia kiwango. Wajapani wakaachana na magari madogo ya dizeli karibu kabisa.

Kwa hiyo soko limegawanyika sehemu mbili zenye shimo katikati. Upande wa kwanza ni dizeli za kabla ya shimo: Caldina na Corolla za kazi zenye injini za 2C na 3C, Nissan AD zenye CD20 na baadaye YD22. Toyota hizo utazitambua kwa namba ya chesesi kuanza na CE au CT. Herufi C hapo ni familia ya injini ya dizeli. Probox na Succeed zilizoanza 2002 nazo ziliwahi kuwekewa dizeli ndogo ya 1.4 yenye tabo, lakini ni chache. Upande wa pili ni dizeli zilizokuja baada ya teknolojia ya kusafisha moshi kukomaa. Mazda Atenza ya SkyActiv-D ilitoka mwishoni mwa 2012, BMW 320d Touring ikaingia Japani mwaka huo huo, Volvo V60 D4 ikafuata 2015, na Mercedes za E zenye jina la BlueTEC.

Kuna mlango mwingine, Uingereza. Nao wanaendesha kushoto kama sisi, na kuanzia 2001 kodi ya magari kule ilipimwa kwa hewa ukaa, jambo lililowapa watu sababu ya kununua dizeli kwa wingi. Passat, Octavia, Mondeo, V70, zote ziko za dizeli. Kashfa ya Volkswagen ya kudanganya vipimo vya moshi, iliyofichuka Septemba 2015, ikawafanya Waingereza waanze kuzikimbia. Ukinunua kutoka huko angalia mambo mawili. Dashibodi inasoma maili: 100,000 ni sawa na kilomita 160,934, na nimeona tangazo ambalo namba ya maili imeandikwa kama kilomita. Na barabara zao zinamwagiwa chumvi wakati wa baridi, kwa hiyo ingia chini ya gari uangalie kutu kwenye fremu na kwenye mabomba ya breki.

Vipuri vya gari la Uingereza hutavipata Mbeya kwa siku moja. Vya Caldina ya 2C kuna uwezekano fundi akavitoa kwenye gari lililokufa nyuma ya gereji yake. Hili lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Gari lililokaa wiki tatu juu ya mawe likisubiri sensa halina kilomita kwa lita.

Chujio la masizi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoumia.

Dizeli za upande wa pili zimefungwa chujio kwenye bomba la moshi. Linakamata masizi, na likikaribia kujaa kompyuta inaongeza mafuta kidogo ili moshi upate joto la nyuzi 600 hivi, masizi yaungue, chujio lijisafishe. Kazi hiyo inataka gari liwe kwenye mwendo usiokatika, dakika 10 hadi 20. Njiani kutoka Mafinga kwenda Makambako inafanyika bila wewe kujua. Mjini haifanyiki. Gari linaanza kujisafisha, unafika sokoni, unazima. Kesho linaanza upya, unazima tena. Mafuta yaliyotiwa kwa ajili ya kuunguza masizi yasipoungua yanateleza pembeni mwa pistoni na kushukia kwenye oili. Oili inakuwa nyepesi na inaongezeka.

Gari langu la kwanza la dizeli nililitumia miezi minane kati ya Iyunga na Soweto, bila safari ndefu hata moja. Nilipima oili nikaona imepanda juu ya alama, nikafurahi kwamba injini haili oili. Sikujua ninachokiona. Taa ikawaka kwenye dashibodi, gari likakataa kuvuta, na nilipofika kwa fundi aliinusa oili akaniambia nusa na wewe. Ilinuka dizeli. Beringi za tabo zilikuwa zimeshakwisha.

Kwenye Mazda za SkyActiv-D kijiti cha kupimia oili kina alama ya X juu ya alama ya kujaa. Oili ikifika hapo, usiendeshe, imwage. Unapokagua gari lolote lenye chujio, chomoa kijiti, tazama kiwango, kisha nusa.

Mafundi wengine watakuambia walitoboe chujio na kufuta programu yake. Mimi nakataa, na sioni aibu kulisema. Masizi yale yanaingia kwenye mapafu ya watoto wanaosubiri magari stendi ya Nane Nane, na gari lililotobolewa ukija kuliuza, mnunuzi mwenye macho ataingiza kidole kwenye bomba la moshi. Bomba la dizeli yenye chujio zima linatakiwa kuwa kavu na karibu safi hata kama gari lina miaka 10. Kidole kikitoka cheusi, jua ama limetobolewa ama limepasuka.

Mercedes za BlueTEC zina kitu cha ziada, tangi la maji ya urea yanayosafisha gesi nyingine. Maji hayo yakiisha kabisa, injini ukiizima haiwaki tena. Kabla ya kununua, hakikisha unajua utayapata wapi katika njia yako.

Mafuta yenyewe

Nozeli ya 2C inafunguka mgandamizo wa mafuta ukifika baa 150 hivi. SkyActiv-D inafika 2,000. Tairi la gari dogo lina baa mbili na kitu, kwa hiyo piga picha mwenyewe. Mafuta yanapita kwenye vitundu vyembamba kuliko ncha ya sindano, na vipande vya pampu vinavyosuguana ndani havina oili nyingine: dizeli yenyewe ndiyo inayovilainisha.

Ndiyo maana uchakachuaji, yaani kuchanganya dizeli na mafuta ya taa, neno lililovuma nchi nzima mwaka 2010, ulikuwa sumu kwa magari kabla hata ya kuwa wizi kwa mnunuzi. Mafuta ya taa hayalainishi kama dizeli. Serikali ilianza kuweka vinasaba, yaani alama za kutambua mafuta halali, kwenye mafuta mwaka huo, na mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuchanganya kusiwe na faida. Hali ilibadilika sana. Maji bado yapo, hasa masika, kwenye matangi ya chini ya ardhi ya vituo visivyouza sana. Kiberiti (salfa) nacho: mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikishusha kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni, hatua kubwa, lakini magari haya yalibuniwa kwa mafuta ya Japani na Ulaya yenye sehemu 10.

Ninachofanya ni kujaza kwenye vituo vyenye malori mengi, Makambako au Iringa pale Ipogolo, ambako mafuta hayakai tangini. Bei kikomo ya EWURA, wadhibiti wa nishati, inatoka Jumatano ya kwanza ya mwezi na Dar huwa nafuu kuliko Mbeya kwa sababu ya usafirishaji, kwa hiyo narudi nimejaza. Tangi la lita 60 kwa kilomita 16 linakufikisha Mbeya kutoka Dar na akiba juu. Filta ya mafuta nabadilisha kila kilomita 10,000 bila kuangalia kitabu kinasemaje, na kila oili inapomwagwa fundi anakamua maji kwenye kikombe cha filta.

Siku ya kuliangalia

Mwambie muuzaji unakuja saa kumi na mbili asubuhi, na umwombe asiliwashe kabla hujafika. Akikataa au ukikuta boneti lina joto, una jibu lako. Mwezi wa sita na wa saba Mbeya, na zaidi Njombe na Makete, baridi inaliumbua gari la dizeli bila huruma. Dizeli inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa tu. Pistoni zikichoka hewa inavuja, joto halifikiwi, gari linazungusha starta mpaka betri inaomba msamaha. Plagi za kupashia moto zikiwa zimekufa ni jambo dogo, linatengenezeka. Mgandamizo ukiwa umekufa ni injini.

Moshi usome. Mweupe dakika ya kwanza ya baridi si kitu, ukiendelea gari likipata moto una nozeli mbovu au maji yanaingia kwenye silinda. Wa bluu ni oili. Mweusi ukikanyaga ni hewa pungufu au mafuta mengi mno. Injini ikiunguruma fungua kifuniko cha oili: mvuke kidogo sawa, kikiruka-ruka kama sufuria ya ugali, pistoni zinapitisha. Kwa 2C na 3C angalia kwa makini kama liliwahi kuchemka, maana silinda hedi zake hupasuka. Maji ya rejeta yasiwe na mafuta juu na mpira wa juu usiwe mgumu kama jiwe gari likiwa ndio kwanza limewaka. Kwa SkyActiv-D za mwanzo uliza kama mdomo wa kuingizia hewa umewahi kusafishwa, kwani unajaza masizi mazito, na kama zile pete (washa) za shaba chini ya nozeli zimebadilishwa. BMW za wakati ule zenye injini ya N47 zina cheni ya taimingi nyuma ya injini, na ikianza kukwaruza kazi ya kuifikia ni kubwa. Sikiliza nyuma ya injini, karibu na ukuta unaoitenga na chumba cha abiria, sauti ya mkwaruzo.

Kisha lipeleke barabara ya Chunya. Inaanzia mjini na kupanda hadi zaidi ya mita 2,400. Hakuna mashine ya kupimia tabo iliyo bora kuliko mlima ule. Gia ya tatu, mizunguko 1,800, kanyaga. Linatakiwa livute mfululizo. Likisita kisha likarupuka, au likikata nguvu na taa kuwaka, rudi.

Namba ya kilomita usiiamini peke yake. Kwa gari la Japani dai karatasi ya mnada: alama R au RA inamaanisha liligongwa likatengenezwa, na herufi zilizotapakaa kwenye mchoro, A mkwaruzo, U bonyeo, W pale paliponyooshwa, S kutu, zinakuambia mengi kuliko picha. Kwa gari lenye namba za Tanzania angalia raba ya kanyagio, usukani, na kiti cha dereva.

Kodi ni fupi. Ushuru wa bidhaa unapanda ukivuka cc 2,000, na ile Atenza inavuka kwa cc 188 tu, wakati 320d na V60 D4 zinabaki chini. Gari lenye umri wa miaka 8 au zaidi linaongezewa ushuru wa umri. Piga hesabu kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, kabla ya kutuma fedha, na piga tena kama bajeti ya Juni imepita katikati.

Kijana wa Kabwe alichukua Atenza. Kilomita zake zinalipa, na lami ndefu inalisafisha chujio lake kila wiki mbili. Mama wa Mafinga nilimwelekeza kwenye Caldina ya kazi ya 2C iliyoko tayari nchini, kwa sababu safari zake ni za kilomita 30 vumbini na mzigo mzito, chujio lingezibwa mapema, na fundi wa mnadani anaijua injini ile kwa kuisikia. “Haina mbio, mama,” nilimwambia. Akajibu kwamba vitenge havina haraka.

Kwa huyu kijana nilibakiza jambo moja, la Kitonga. Kushuka kwenda Ruaha Mbuyuni, dizeli haishikilii gari kama petroli, kwa kuwa haina kile kilango cha hewa kinachoziba koo. Aliyezoea petroli anaacha kanyagio akitegemea injini imzuie, gari linaendelea kukimbia, anaegemea breki, na chini ya mlima breki zimeshaungua. Shuka na gia ndogo tangu juu kabisa, kabla hujahitaji.

Na kupanda, tabo inakuwa imezunguka maelfu kwa maelfu ikiwa na joto la kuivisha chuma. Kinachoipoza ni oili inayosukumwa na injini. Ukizima ghafla oili inasimama, inaungulia kwenye beringi. Kwa hiyo ukishafika juu ukataka kusimama Ilula kununua vitunguu, iache injini iungurume yenyewe dakika mbili. Mteremshie kioo muuzaji, mpatane bei kwanza, ndipo uzime.